KATANI YETU NA PLASTIKI: KWA NINI HAZISHIKANI, NA DAWA YAKE

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja, fundi wa mabehewa, mbele ya wanachama wa tawi. Yamepigwa taipu hapa kwa ombi la waliosikiliza, na kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



 Katibu aliponiambia niseme mbele yenu habari ya katani na plastiki, nilimjibu kwamba mimi si mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu mwaijua. Akasema kwa sababu hiyo hiyo anataka niseme mimi, maana akija mtu wa chuo kikuu nusu ya mkutano utalala. Basi nitasema kama nijuavyo, na palipo na kosa ndugu wenye elimu zaidi watanisahihisha.

Nianze na kifuniko cha tangi la mama yangu. Nyumbani kwetu ni Makueni, upande wa Kibwezi, na kama mjuavyo kule maji ya mvua ni mali. Tangi lilikuwepo lakini kifuniko chake kilichukuliwa na upepo, na maji yakawa yaingia majani, mbu na mambo mengine nisiyotaka kuyataja mbele ya watu wanaokwenda kula. Mimi katika karakana nimezoea kuziba nyufa za faiba. Twachukua mkeka wa nyuzi za kioo, twapaka rezini iliyotiwa hadina, twaacha ikauke, kazi imekwisha. Nikajiuliza, mkeka wa nyuzi za kioo wanunuliwa kwa pesa, na ua wa shamba la mama ni mkonge mtupu. Kwa nini nisitumie katani?

Nikafanya hivyo mwezi wa Desemba nilipokuwa likizo. Mama mwenyewe aliparuza majani, akaanika katani, mimi nikaipanga juu ya kalibu ya udongo nikaimwagia rezini. Kifuniko kikatoka kizuri sana. Jirani wawili wakaja kuagiza cha kwao. Nami nikaona nimekuwa mwenye kiwanda.

Mvua za Machi na Aprili zikaja. Niliporudi nilikuta kifuniko kimevimba ukingoni, kimekuwa cheupe kama ukoga, kinanuka uvundo, na mtoto alipokanyaga kilivunjika vipande viwili. Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo shina la maneno yangu yote ya leo. Mahali kilipovunjika, katani haikukatika. Ilichomoka. Nyuzi zilitoka ndani ya plastiki nzima nzima, safi, kama panga litokavyo katika ala, na katika plastiki yakabaki matundu madogo madogo. Maana yake katani ilikuwa na nguvu yake, na plastiki ilikuwa na nguvu yake, lakini hazikuwa zimeshikana. Zilikaa pamoja kama watu wawili katika kiti kimoja cha basi, kila mmoja na safari yake.

Ndugu wa njia mtanielewa upesi. Mnajua mataruma ya zege yaliyo chini ya reli mpya ya Mombasa hata Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 2017. Ndani ya kila taruma mna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu. Zege peke yake halivumilii kuvutwa; ni chuma kinachovumilia. Lakini kama ungepaka nyaya zile grisi kabla ya kumwaga zege, taruma lisingefaa hata kwa benchi la kukalia, kwa sababu mzigo hauwezi kutoka katika zege kuingia katika chuma kama havikushikana. Katani ndani ya plastiki ni jambo lilo hilo. Na katani yetu, ndugu zangu, hutoka shambani ikiwa imepakwa grisi na Mungu mwenyewe.

Nilipata kijana wa ukoo wetu asomaye chuo cha ufundi, nikamwuliza. Alinieleza kwa subira, nami nikaenda nikasoma. Katani si kitu kimoja. Kama sehemu mbili kwa tatu, au zaidi kidogo, ni selulosi, nayo ndiyo nguvu. Iliyobaki ni hemiselulosi na lignini, ambazo ni kama gundi na udongo wa kuziunganisha nyuzi ndogo ndogo zikawa uzi mmoja, pamoja na pektini, mafuta na nta kidogo juu yake. Mkonge ni mmea wa nchi kavu, una haja na nta hiyo ili jua lisinyonye maji yake. Lakini rezini inapofika hapo haikuti mahali pa kushika.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni baya zaidi. Selulosi na hemiselulosi zina mikono mingi midogo ipendayo kushika maji. Plastiki nyingi hazitaki maji kabisa. Kwa hiyo umemwoza mpenda maji kwa mchukia maji. Hewa ikiwa na unyevu, katani hunywa na kuvimba. Jua likija, hunywea na kujitenga na plastiki. Nafasi hubaki katikati. Mvua ya pili huingia kwa nafasi ile. Na baada ya hapo mwaona ukoga. Kifuniko cha mama kilikufa hivyo. Basi dawa ni lazima ifanye kazi mbili, iondoe nta na udongo ule wa juu, na ikiwezekana iifunge ile mikono.

Dawa ya kwanza na ya rahisi ni soda kostiki. Na hapa nataka kumtaja mtu mmoja wa Uingereza, kwa sababu alikuwa mfanya kazi kama sisi. Jina lake John Mercer, wa Lancashire. Alianza kazi ya kusokota uzi katika vibiringo akiwa na umri wa miaka tisa, kisha akawa mfumaji wa mkono, kisha fundi wa rangi za nguo, na ukemia akajifundisha mwenyewe kwa vitabu. Katika miaka ya 1840 aliona kwamba pamba ikipitishwa katika soda kostiki kali hubadilika, huwa nene, hupata nguvu zaidi na hushika rangi vizuri. Mwaka 1850 akaandikisha haki ya uvumbuzi huo. Mpaka leo kuosha nyuzi kwa soda kostiki kunaitwa kwa jina lake.

Kwa katani hufanywa hivi. Soda huyeyushwa katika maji, kama sehemu tano katika mia kwa uzito. Katani safi iliyokauka huloweshwa humo saa chache. Maji hugeuka rangi ya chai, na hiyo ndiyo nta, hemiselulosi na sehemu ya lignini zinazotoka. Kisha katani huoshwa kwa maji safi mara nyingi, huchovywa katika maji yenye siki kidogo ili kuua soda iliyosalia, huoshwa tena, na huanikwa mpaka ikauke kweli kweli. Ukiishika baadaye utaona imepungua uzito na imekuwa nyembamba, imepasuka pasuka katika nyuzi ndogo zaidi, na juu yake ina mikwaruzo. Mikwaruzo ile ndiyo faida. Rezini huingia humo ikashika kama mizizi ya mwiba katika mwamba.

Akina mama mnaonisikiliza msifikiri kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Mnapopika isyo na mahindi ni makavu na maharagwe ni ya mwaka juzi, mnatia nini? Mnatia magadi. Na kwa nini yalainika? Kwa sababu magadi huyeyusha pektini na hemiselulosi ambazo zinashikanisha chembe za mbegu. Ni kazi ile ile. Tofauti ni kwamba magadi ni mpole na soda kostiki ni simba.

Wengine mtauliza, basi kwa nini tusitumie magadi tuache kostiki? Magadi yasafisha kidogo, na ni afadhali kuliko katani mbichi, lakini hayafiki ndani. Ila ukichanganya magadi ya soda na chokaa iliyozimwa kwa maji, chokaa hugeuka unga mweupe ukazama chini, na majini hubaki soda kostiki yenyewe. Ndiyo njia ya zamani ya kuitengeneza. Sasa fikirini ramani ya nchi yetu. Magadi hutoka ziwa Magadi, na kwa miaka mingi yameletwa kwa tawi la reli lifikalo Konza, mpakani kabisa mwa Makueni. Mawe ya chokaa yapo Kitui ya kusini. Mkonge uko Kibwezi katika shamba kubwa la Dwa, na uko katika ua wa kila nyumba tangu Mtito Andei mpaka Mwingi. Na reli hupita katikati, mpya na ya zamani, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Mimi si mwanasiasa, lakini vitu vyote vitatu haviko mbali sana na reli, na bado twanunua mkeka wa nyuzi za kioo uliosafiri baharini.

Nisifanye haraka kuwafurahisha. Soda ina ubaya wake hata kwa katani yenyewe. Ukizidisha ukali au ukiisahau humo usiku kucha katika maji makali, huanza kula selulosi, na uzi uliokuwa na nguvu huwa kama nywele za mgonjwa. Mimi niliharibu fungu zima kwa kudhani dawa ikizidi ndiyo faida yazidi. Tena soda husafisha tu. Mikono ya kushika maji haiifungi yote. Kwa hiyo wenye viwanda huongeza dawa ya pili.

Ziko nyingi, nitataja tatu tu. Moja hutoka jamaa ya siki, nayo huivalisha ile mikono ya selulosi glavu, isiweze kushika maji tena. Ya pili yaitwa sileni, ambayo hutumika sana hata kwa nyuzi za kioo, maana kioo nacho hakishikani na plastiki bila kupakwa kitu. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu watu hudhani kwamba katani peke yake ndiyo yenye matata. Mkeka wa faiba tuununuao dukani umekwisha kutiwa dawa kiwandani, ila hatuioni. Katani ya mama haikutiwa kitu, kisha tukailaumu.

Ya tatu nitaieleza kwa behewa. Chukueni behewa la reli ya zamani ya milimita 1,000 na behewa la reli mpya ya milimita 1,435. Tuseme kapling zake si za namna moja. Huwezi kuyafunga pamoja mpaka uwe na chombo cha katikati, upande huu kimefanana na hili na upande huu kimefanana na lile. Kwa plastiki iitwayo polipropilini, ambayo ni ya viti na ndoo na magunia, chombo hicho ni polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki. Mkia wake ni plastiki, hivyo huingia katika plastiki na kuyeyuka pamoja nayo. Kichwa chake hushika mkono wa selulosi. Hutiwa kidogo tu, sehemu chache katika mia. Ila dawa hii haifanywi nyumbani, ni ya mashine ya kuyeyusha. Na mashine ile haina budi kuangaliwa joto, maana katani huanza kuungua inapokaribia digrii 200. Bahati njema polipropilini huyeyuka kama digrii 160 na kidogo, na plastiki ya madebe ya maji huyeyuka chini ya hapo. Tena katani lazima iwe kavu, kwa kuwa maji yaliyofichama ndani yatachemka na kuacha mapovu.

Je, kazi hii yafanyika kweli duniani au ni maneno? Yafanyika. Tangu miaka ya 1990 wenye viwanda vya motokaa Ujerumani wametia nyuzi za kitani, juti na katani katika mbao za ndani ya milango. Kabla ya hapo, Ujerumani ya Mashariki walitengeneza motokaa iitwayo Trabant, tangu 1957 mpaka 1991, na bodi yake ilikuwa makapi ya pamba yaliyoshindiliwa katika rezini, kwa sababu hawakuwa na chuma cha kutosha. Watu waliicheka motokaa ile, lakini zilitengenezwa kama milioni tatu.

Wala tusidanganyane. Uzi wa kioo una nguvu za kuvutwa mara kadhaa kuliko katani. Sifa ya katani ni wepesi, maana uzito wake ni kama nusu tu ya kioo kwa kipimo sawa, na bei, na kwamba haikati mapafu wala kuwasha ngozi kama vumbi la faiba. Ninyi mliopiga msasa faiba mnajua usiku wake. Ingawa vumbi la katani nalo lakohoza, waulizeni waliofanya kazi kwenye brashi za kusafishia nyuzi. Kwa hiyo katani yafaa kwa ubao wa ukuta, dari, mgongo wa kiti, kifuniko, sanduku. Haifai kwa kitu cha kubeba roho za watu. Nami kama fundi wa mabehewa sitaruhusu iingie ndani ya behewa la abiria mpaka imepimwa moto na moshi, maana katani na plastiki vyote viwili vyawaka.

Niseme kidogo habari ya zamani, kwa sababu baadhi yetu tumelishwa na mkonge. Mmea wenyewe si wa kwetu. Kwao ni Meksiko, na jina lake la Kizungu ni la bandari ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, alileta miche Tanganyika kutoka Florida. Ilikuwa 1,000, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo Tanga ikajaa. Kenya mkonge ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa Thika, kisha Voi, Kibwezi na pwani. Wakati wa vita vya Korea bei ilipanda sana, na babu zetu wa Kitui na Makueni wakaenda kukata majani kwa mikataba. Halafu ikaja kamba ya plastiki, hiyo hiyo polipropilini. Baada ya 1964 bei ikaanguka, mashamba yakafungwa, watu wakarudi nyumbani na panga zao. Baba wa baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akiona mfuko wa plastiki barabarani humtukana kama mtu. Hakuishi kuona tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko ile ilipopigwa marufuku Kenya, wala hakuwaza kwamba plastiki siku moja itahitaji katani imsaidie kusimama.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Kifuniko cha pili nilikifanya kwa katani iliyooshwa kwa soda. Nilivaa glavu ndefu na miwani ya karakana, nikatia soda katika maji polepole. Sikilizeni, ni soda katika maji, wala si maji katika soda. Ukimwaga maji juu ya soda huchemka ghafula na kuruka. Kijana mmoja wa ukoo wetu alifanya kazi katika karakana ndogo ya sabuni, mji sitautaja. Hakuna aliyemwambia neno hili. Alimwaga maji juu ya vipande vya soda katika ndoo, ikamrukia usoni. Maji ya kuosha macho yalikuwa mbali, nje ya ua, na mwenye karakana akampa nauli ya kwenda hospitali akaona amemaliza. Leo kijana aona kwa jicho moja. Hakuwa mwanachama wa chama chochote. Hakujua ya kuwa iko sheria ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini, inayomlazimu mwajiri kumpa mfanya kazi vifaa vya kujikinga, tena bure, na kumfundisha hatari ya kazi. Wala hakujua ile sheria nyingine ya mwaka huo huo ya fidia kwa walioumia kazini. Alipojua, mwenye karakana alikuwa amehama.

Kwa hiyo nikawa mwangalifu. Katani ikaloweka, ikatoka, tukaanza kuiosha. Nilikuwa na kilo chache tu. Tukaosha mara ya kwanza, maji bado yateleza kama sabuni. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu, tukatia siki, tukaosha tena. Mama alikuwa amekaa kizingitini akisokota uzi pajani, hasemi. Debe la nne lilipokwisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji haya ya kuosha kamba, nani atakwenda kuyarudisha?"

Nilinyamaza. Mvua ilikuwa imekwisha, na maji ya tangi ndiyo aliyokuwa ayanywe mpaka Novemba. Zaidi ya hayo nilitaka kuyamwaga yale maji ya soda bondeni, na bondeni ndipo penye mto wa mchanga ambapo wanawake wa mtaa wetu huchimba visima vyao. Ninyi wa Kitui na Makueni mwajua mito yetu: juu ni mchanga, maji yako chini. Umwagacho juu ya mchanga jioni, mwenzako atakichota asubuhi. Nilichimba shimo mbali, nikayaua kwa siki yote niliyokuwa nayo mpaka karatasi ya kupimia haikubadilika tena, ndipo nikayamwaga. Siku nzima ilipotea, na siki ilinigharimu kuliko rezini.

Kifuniko chenyewe kilitoka vizuri. Nilikata pia vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cha katani mbichi na kimoja cha katani iliyooshwa, nikavizamisha katika ndoo moja mwezi mzima. Kile kibichi kiliongezeka uzito hata mizani ya dukani ikaona, na nyuzi zake zikainuka juu ya ngozi. Kile cha pili kiliongezeka kidogo sana. Nilipovivunja, kibichi kilichomoka kama kwanza. Cha pili kilikatika, plastiki na katani pamoja, mahali pamoja. Sikuwahi kufurahia kitu kuvunjika namna ile.

Lakini swali la mama halikunitoka. Najua kwamba sasa watu hupita vijijini wakiviambia vyama vya akina mama ya kuwa kuna faida katika katani iliyotiwa dawa, nunueni soda, nunueni mapipa. Maoni yangu ni kwamba hilo si jambo la kufanywa uani. Kazi ya nyumbani iwe kukata, kuparuza, kuosha kwa maji ya kawaida, kuanika na kupanga kwa daraja, maana hata kabla ya dawa katani chafu haina bei. Kumbukeni kilo 100 za majani hutoa kilo 3 mpaka 5 tu za katani kavu. Jasho liko huko, na bei ipiganiwe huko kwa ushirika. Kazi ya soda iwe mahali pamoja penye matangi ya kurudisha maji yatumike tena, penye maji ya kuoshea macho hatua chache kutoka kwa mtu, na penye mtu aliyefundishwa. Kibwezi au Emali pangefaa, kwa sababu ya reli. Na wafanya kazi wa mahali hapo wawe katika chama siku ya kwanza mlango ufunguliwapo, si baada ya jicho la pili kupotea.

Ndugu mmoja wa zamu ya usiku ameniletea karatasi akiuliza kama katani iliyotiwa dawa haitaliwa na mchwa. Ndani ya plastiki, mchwa hupata shida kuifikia. Lakini ukikata ukingo ukauacha wazi, unyevu utaingia hapo, na palipo unyevu na selulosi mchwa wa Ukambani hahitaji kualikwa. Pakeni ukingo rezini mara mbili, na msiweke chini ya udongo. Mwingine auliza kama jua halitaiharibu. Jua laharibu plastiki, ikiwa na katani au bila katani, pakeni rangi. Na mama mmoja ameuliza kama maji ya tangi lenye kifuniko hicho yanyweka. Mimi nilikiacha kifuniko juani wiki tatu mpaka harufu ya rezini ikaisha, na sikupaka upande wa ndani chochote, na maji hayakigusi. Tangi lenyewe nisingelifanya kwa rezini ile.

Vile vipande viwili nilivyovivunja nimevileta, viko juu ya meza ya Katibu. Kila mtu apite atazame mahali pa kuvunjika na avikwaruze kwa ukucha. Kilicho na alama ya chaki ndicho kilichooshwa. Naomba tu visichukuliwe, kwa sababu kijana yule wa chuo cha ufundi amesema atavihitaji Jumatatu.